Foleni haifundishi tenisi

Ukipita kwenye shule iliyobahatika kuwa na kiwanja cha tenisi, siku ya kipindi cha michezo utawakuta watoto wamepanga mstari. Mbele yao amesimama kocha na kikapu cha mipira. Anarusha mmoja, mtoto wa kwanza anapiga, kocha anamwambia akunje goti, mtoto anarudi nyuma ya mstari. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu. Wa kumi na tano anachora chini kwa kidole cha mguu. Wa ishirini ameshaanza kusukumana na mwenzake. Kengele inalia, wanarudi darasani, na hakuna hata mmoja aliyecheza tenisi.

Tupige hesabu. Darasa lina watoto 45, kipindi ni dakika 40, na kocha hodari anarusha mpira kila baada ya sekunde tano bila kupumzika wala kungoja mipira iokotwe. Jumla ni mipira 480. Kila mtoto anapata kumi, wengi kumi na mmoja. Muda wake wa kushughulika na mpira haufiki dakika moja. Dakika 39 zilizobaki amefundishwa kusubiri zamu, jambo ambalo watoto wetu wanalijua vya kutosha tangu bombani hadi zahanati.

Ninachotaka kusema hapa ni kwamba mtindo wa kikapu ni mtindo wa kitajiri. Una mahali pake, napo ni klabu, ambako mwanachama mmoja anamlipa kocha mmoja kwa saa nzima. Shule ya umma inayouiga haipati ubora wa klabu, inapata foleni ya klabu. Ajabu ni kwamba tunapozungumzia njia ya pili, yaani kufundisha kwa kuwachezesha watoto wenyewe kwa wenyewe tangu siku ya kwanza, wengi wetu huiona ndiyo anasa: mambo ya Wazungu, ya shule zenye zulia na mitambo. Ukweli umekaa kinyume. Kufundisha kwa mchezo ndiyo njia pekee inayoweza kubeba darasa la watoto 45 wenye raketi 12.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1982 wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, David Bunker na Rod Thorpe, walichapisha makala fupi kuhusu ufundishaji wa michezo katika shule za sekondari. Waliona vijana wanamaliza shule wakiwa wamefundishwa mapigo miaka nenda rudi, lakini mchezo wenyewe hawauelewi. Wengi walitoka wakijiona hawafai, kwa sababu kipimo kilikuwa umbo la pigo. Hata wale wachache waliosifiwa kwa ufundi walikuwa wagumu kubadilika, hawajui kuamua, wakikwama wanamtazama kocha. Bunker na Thorpe wakapendekeza utaratibu ugeuzwe. Mtoto aanze na mchezo uliopunguzwa ukalingana naye, acheze, akwame, atambue amekwama wapi, ndipo mwalimu amfundishe ufundi wa kumkwamua.

Sisi wenyewe tulijifunza Kiswahili kwa njia hiyo. Mtoto wa miaka mitatu anasema "kikombe kimevunjika" miaka mingi kabla mwalimu hajamtajia ngeli ya KI-VI. Angelazimishwa kukariri ngeli kwanza, angefika darasa la saba bado anaogopa kuomba maji.

Tenisi inahitaji mgeuzo huo kuliko michezo mingi, kwa sababu ilitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77. Sheria zinataka mpira wa kawaida, ukidondoshwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, udunde na kupanda kati ya sentimita 135 na 147. Mtoto wa miaka minane ana urefu wa sentimita 120 na ushee. Mpira unaodunda namna hiyo unamfika usoni au unampita utosini. Akiurudisha, anaurudisha kwa kujikinga, mkono juu, amerudi nyuma na kufumba macho. Kisha tunamwambia ana pigo baya. Kwa watu wa nyanda za juu hali ni nzito zaidi. Sheria za tenisi zinaruhusu mipira ya aina ya pekee kwa mahali palipo zaidi ya mita 1,219 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyepesi haiuzuii mpira na unakwenda kasi. Nairobi na Arusha zote ziko juu ya kiwango hicho.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lililikubali tatizo hili waziwazi. Mwaka 2007 lilianzisha kampeni ya kutaka kila anayeanza aweze kuanzisha mpira, kurudishiana na mwenzake na kuhesabu pointi tangu siku yake ya kwanza kiwanjani. Likahimiza mipira mitatu ya hatua: mwekundu, ulio mzito wa mwendo kwa asilimia 75 ukilinganishwa na wa njano, wa rangi ya chungwa, asilimia 50, na wa kijani, asilimia 25. Kuanzia 2012 likaliweka jambo hilo kwenye sheria: mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa kawaida wa njano. Kiwanja cha mpira mwekundu kina urefu wa kama mita 11, na hapo kuna neema ndogo ya kijiometri. Upana wa kiwanja kikubwa, ukihesabu na njia za pembeni, ni mita 10.97. Kwa hiyo kiwanja kimoja cha klabu, ukikigawa kwa upana wake, kinatoa viwanja vinne vya watoto. Waweke wanne kila kimoja, unao watoto 16 wanaocheza kwa wakati mmoja pale palipokuwa pa wawili.

Lakini tusisubiri kiwanja. Twende kwenye uwanja wa paredi wa shule yoyote, ule wa udongo mgumu uliokanyagwa na miguu ya miaka mingi. Mwalimu amechora kwa chokaa mistatili myembamba mirefu: hatua kumi na mbili kwenda mbele, hatua tatu tu kwa upana. Katikati kamba imefungwa kati ya viti viwili, usawa wa kiuno cha mtoto. Raketi hazitoshi, kwa hiyo wengine wana vibao alivyokata fundi seremala kwenye mabaki ya plaiwudi, vimepigwa msasa mpini usichome. Sharti ni dogo: mpira uvuke kamba, udunde ndani ya mistari, mwenzako aurudishe kabla haujadunda mara ya pili. Wa kwanza kufika pointi saba ameshinda. Watoto wasiocheza wamesimama kwenye kona, wanahesabu kwa sauti na kuamua mpira uko ndani au nje, na kazi hiyo wanaifanya kwa ukali kuliko refa yeyote wa Ligi Kuu.

Baada ya dakika chache mwalimu anapiga filimbi na kumwita mmoja.

"Mwenzako anapenda kusimama wapi?"

"Nyuma kule, mwalimu."

"Na wapi hakuna mtu?"

"Hapa mbele, karibu na kamba."

"Basi?"

"Basi nimwekee hapahapa."

"Haya, tuone."

Anajaribu, mpira unagonga kamba. Anajaribu tena, unakwenda mbali, mwenzake anaufikia akicheka. Mara ya tatu anageuka: "Mwalimu, unafanyaje ili uende taratibu?" Swali hilo lina thamani kuliko mipira kumi ya kikapu. Sasa mwalimu anamshika mkono, anamwonyesha namna ya kulegeza vidole, kufungua uso wa raketi kidogo na kuupokea mpira badala ya kuuchapa. Somo linachukua nusu dakika, nalo linaingia, kwa sababu mtoto amelitafuta mwenyewe.

Tazama alichofanya mwalimu huyu. Kiwanja chembamba kirefu kimeondoa kulia na kushoto, kikaacha jambo moja tu la kufikiria: mbele na nyuma. Wiki inayofuata atakichora kifupi na kipana, watoto wagundue namna ya kumkimbiza mtu pembeni na kumlazimisha kupiga akiwa amenyoosha mkono. Baadaye atatoa pointi mbili kwa anayemaliza mpira akiwa karibu na kamba, nao watajifunza kupanda mbele bila kuhubiriwa. Makocha wanaigawa tenisi katika hali tano: unaanzisha mpira, unaupokea ulioanzishwa, wote mko nyuma mnarudishiana, umepanda kwenye wavu, au mwenzako ndiye amepanda na wewe unatafuta pa kumpitishia. Kila hali inaweza kutungiwa mchezo wake kwa chokaa, kamba na sharti moja la ziada. Mwalimu akibadilisha mistari, tayari amebadilisha somo.

Wapo watakaosema hizi ni nadharia. Basi tuangalie vipimo. Mwaka 1986 watafiti Sinah Goode na Richard Magill walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakijifunza aina tatu za kuanzisha mpira katika badmintoni, ndugu wa karibu wa tenisi. Kundi moja lilirudia aina moja kwa mfululizo kabla ya kwenda nyingine, kama kikapu kinavyofanya. Kundi jingine lilichanganyiwa, aina hizo zikaja bila mpangilio, kama zinavyokuja mchezoni. Walipojaribiwa baadaye, na walipotakiwa kupiga kutoka upande mwingine wa kiwanja, waliochanganyiwa walikuwa mbele. Mwaka 2010 Damian Farrow na Machar Reid wa Australia walitoa matokeo ya watoto wa miaka kama minane waliofundishwa kwa wiki tano, baadhi kwa kiwanja na mpira wa watu wazima, wengine kwa vilivyopunguzwa. Waliobaki na kiwanja kikubwa na mpira wa kawaida walipata nafasi chache za kupiga, na maendeleo yao yalikuwa duni kuliko ya wenzao.

Ugumu ni kwamba mazoezi ya kurudiarudia yanapendeza macho. Mtoto akirushiwa mpira uleule mahali palepale mara kumi, mara ya kumi anaupiga vizuri, mzazi kwenye benchi anapiga makofi, kocha anaonekana amefanya kazi. Mchezo hauna sura hiyo. Una makosa mengi, kelele nyingi, mipira inayokimbilia kwenye mitaro. Mzazi aliyelipia anaona fujo. Lakini ujuzi wa kweli hupimwa siku nyingine, mbele ya mtu asiyekurushia mpira unaoupenda.

Tunao pia ushahidi wa nyumbani. Ongea na makocha wa makamo wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, utakuta wengi wao walianza kama waokota mipira kwenye klabu. Hawakupangiwa foleni mbele ya kikapu. Walikaa pembeni jioni nzima wakisoma mchezo wa wanachama: nani anaogopa mpira wa juu, nani akichoka anapiga nje. Wanachama walipokwenda kuoga, wao waliingia na raketi zilizokatika nyuzi na mipira iliyochakaa, wakacheza kwa dau la soda mpaka giza likawafukuza. Mipira ile iliyopungua hewa ilikuwa inadunda chini na kwenda polepole, ndiyo maana waliimudu. Sidai kwamba kila muokota mipira aligeuka bingwa. Wako wengi tusiowajua ambao hawakufika popote kwa kukosa viatu, ada na nauli. Lakini waliofika walifikishwa na mchezo, na makocha hao haohao leo wanawapangia watoto wetu mstari kwa sababu wameambiwa ndiyo ualimu.

Na watoto wenyewe hawaji mikono mitupu. Msichana aliyecheza mdako anajua kupima muda wa kitu kilicho hewani: anarusha kete juu, anakwangua kokoto shimoni, anaidaka kabla haijaanguka. Jicho hilo ndilo linalohitajika kwa mtu anayejirushia mpira ili auanzishe. Aliyecheza rede, ambayo Wakenya wanaiita kati, amezoea kusoma bega la mrushaji na kujua mpira unakuja upande gani kabla haujatoka mkononi. Kumtoa mtoto wa aina hii kwenye mchezo na kumweka kwenye foleni, eti aanze upya na namna ya kushika mpini, ni kutupa mtaji aliokuja nao.

Zipo hoja za upande wa pili zinazostahili heshima. Ya kwanza ni ya ufundi: mtoto akiachwa acheze tu atazoea kushika raketi kama kikaangio, na mazoea mabaya hayatoki. Kuna ukweli humo. Kuanzisha mpira, kwa mfano, ni pigo pekee la tenisi ambalo mchezaji analimiliki mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mpinzani kuligusa, na linafaidika na kurudiwa kwa utulivu. Mtoto mwenye nia ya kufika mbali atahitaji kikapu, tena kingi. Ninachopinga ni mpangilio, kikapu kuwa mlango wa kuingilia. Kikija baada ya mchezo, mtoto anajua kinamtibu ugonjwa gani.

Hoja ya pili inauma zaidi, kwa kuwa inatuhusu. Tukisema "wachezeshe", walimu wengine watasikia "waachie mpira ukakae chini ya mwembe". Tumekulia kwenye vipindi vya namna hiyo: mpira mmoja unarushwa katikati ya uwanja, wavulana kumi wenye nguvu wanauteka, waliobaki wanasukana nywele. Huko ni kutelekeza darasa. Kufundisha kwa mchezo kunamtaka mwalimu ajiandae kuliko kikapu kinavyomtaka. Lazima ajue ni tatizo gani analitaka litokee, mistari ipi italileta, lini asimamishe na aulize nini. Lazima pia alinganishe wachezaji, maana mtoto anayefungwa saba bila kila siku hajifunzi chochote isipokuwa kuchukia tenisi. Njia rahisi ni kupandisha ngazi: aliyeshinda anasogea kiwanja cha kulia, aliyeshindwa cha kushoto, na baada ya mizunguko michache kila mtu amekutana na saizi yake. Na apunguze maneno. Maswali mawili yaliyolengwa yanatosha kwa kipindi kizima.

Ya tatu ni kwamba tenisi si mchezo wetu, na shule zina shida kubwa kuliko raketi. Vipindi vya michezo vinamezwa na hisabati kila mtihani unapokaribia, na mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yamezoeleka kwa soka, netiboli na riadha. Ni kweli. Lakini mwezi Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa ubingwa wa wasichana wawiliwawili Wimbledon. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza kwa 11-9 katika taibreki ya kuamua. Hakuna Mkenya aliyewahi kubeba taji la vijana la Grand Slam kabla yake. Miongoni mwa waliofungwa siku ile alikuwa Victoria Mboko wa Canada, binti wa wazazi waliotoka Kongo, ambaye miaka mitatu baadaye alishinda mashindano makubwa ya Montreal akiwa na miaka 18. Mtoto wa Kibera au Mbagala akiyaona haya kwenye simu ya kaka yake, haulizi kama tenisi ni ya nani. Anauliza anaanzia wapi. Kwa sasa jibu letu kwake ni: nyuma ya mstari.

Tunaweza kumpa jibu jingine bila kungoja mfadhili. Klabu zianze na mipira. Kwenye mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, kisha kila baada ya gemu tisa, na hata klabu za kawaida hazikai na mpira muda mrefu. Mpira uliokwisha hewa kwa mwanachama ndio kwanza umefaa kwa mtoto, na shule iliyo jirani na klabu haipaswi kuununua. Klabu hizohizo zina viwanja vinavyopigwa jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri bila mtu. Saa mbili kwa wiki, kiwanja kimoja, watoto 16.

Vyuo vya ualimu vifundishe kutunga mchezo, na si kukariri sheria za michezo pekee. Mwanachuo apewe kamba, chokaa na tatizo moja, atoke na mchezo unaolifumbua, auchezeshe kwa darasa la watoto kweli, apewe alama kwa hilo. Ujuzi huo atautumia hata pasipo na raketi, kwenye mpira wa wavu, mpira wa mikono na soka. Wanaoandaa mashindano ya shule wangeweza kufungua siku moja ya tenisi ndogo ya kamba, mchezo wa pointi kumi, kila mtoto anacheza mara tano na hakuna anayetolewa asubuhi akakaa kwenye basi hadi jioni.

Na sisi wazazi tubadilishe tunachokidai. Tukienda kumchukua mtoto mazoezini tumezoea kumuuliza kocha kama mtoto "anaiva", tukitegemea kuonyeshwa pigo zuri. Tuulize badala yake amecheza pointi ngapi leo. Kocha akikosa jibu siku ya kwanza, mwenye haya atahakikisha analo siku ya pili. Na kama jibu ni sifuri, basi ada tuliyolipa imenunua nafasi kwenye foleni, na tuna haki ya kuidai irudi.